Zizi na Jiko

Imetufikia barua ndefu kutoka upande wa Kibondo, imeandikwa kwa wino katika karatasi za daftari la shule. Aliyeiandika ni bibi mmoja ambaye jina lake twaliweka kwetu, kwa kuwa mwenyewe ametaka hivyo. Asema kwamba yeye na mumewe wameyatumikia Maulidi ya kijiji chao kwa muda wa miaka 22 bila ya ujira. Mume hushika zizi: huwapokea ng'ombe na mbuzi wa sadaka wanaoletwa kutoka vijijini, huwafunga, huwanywesha, huwatenga wakali na wapole, na hukesha nao mpaka asubuhi ya kuchinjwa. Mke hushika jiko: kuni, maji, mchele, maharage, na masufuria ya kuazima, ambayo hana budi kuyarudisha kwa wenyewe yakiwa yamesuguliwa. Kazi huanza siku 10 kabla ya wageni kufika, na humalizika siku 3 baada ya wageni kuondoka.

Sasa watoto wao wamekua, nao wauliza: Baba na mama wapata nini? Majirani wengine huwacheka. Na mwaka uliopita, yalipotajwa majina ya wa kushukuriwa mbele ya hadhara yote, alitajwa mume peke yake. Bibi huyu asema kwamba jambo hilo halikumuuma siku ile. Lilimuuma wiki ya pili, alipokuwa akizunguka nyumba kwa nyumba na sufuria kichwani, akimtafuta mwenyewe.

Ametia katika barua hiyo jambo jingine, nalo ndilo lililotufanya tuitangulize mbele ya barua nyingine. Wana jirani wao wa zamani, Mkongo, aliyekuwa katika kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, kisha akahamishiwa Marekani katika jimbo la Idaho. Huyo amewaletea habari kwa simu kwamba huko kuna sikukuu za kuchezesha farasi na ng'ombe, ziitwazo rodeo. Na kwamba amemwona mzee mmoja na mkewe, mume akiwa langoni pa zizi na mke akiwa kwenye meza ya karatasi, ambao wameifanya kazi hiyo kila mwaka tangu ujana wao wala hawapewi senti moja. Jirani akawaambia, "Nimewaona ninyi wawili huku." Basi bibi atuuliza mambo mawili: Je, habari hii ni ya kweli? Na je, wao waendelee au waache?

Tulijibu kwanza lililo jepesi. Habari hiyo ni ya kweli, na wasomaji wetu wengi ambao hawajapata kulisikia neno hilo wataona kwamba mambo yake si mageni kabisa kwa watu wenye ng'ombe.

Rodeo ni neno la Kihispania, na asili yake ni kuzunguka au kuzingira. Maana yake ya kwanza ilikuwa kuwakusanya ng'ombe waliotawanyika malishoni ili itambulikane huyu ni wa nani na yule ni wa nani. Wahispania ndio waliopeleka farasi na ng'ombe Meksiko katika karne ya 16, na wachungaji wa Meksiko ndio waliowafundisha Wamarekani kutupa kamba na kumkalia farasi mkorofi. Wala haitawadhuru wasomaji kujua kwamba Wahispania nao walijifunza namna moja ya kupanda farasi, ile ya kufupisha vikanyagio vya miguu na kugeuka upesi, kutoka kwa Waislamu wa Andalusi, khasa watu wa kabila la Zenata la Afrika ya Kaskazini. Hata leo mpanda farasi kwa Kihispania huitwa jinete, na jina hilo latokana na jina la kabila hilo. Elimu husafiri kwa miguu mingi, na mara nyingine kwa miguu minne.

Wachungaji wa Marekani walipomaliza kazi za msimu walishindana wao kwa wao, na baadaye miji ikayafanya mashindano hayo kuwa sikukuu za kila mwaka. Mji wa Cheyenne katika jimbo la Wyoming ulianza mwaka 1897, Pendleton katika jimbo la Oregon mwaka 1910, na Calgary katika nchi ya Kanada mwaka 1912. Mchezo wenyewe ni wa hatari. Mtu humpanda farasi asiyefugika au fahali mwenye hasira, hushika kwa mkono mmoja tu, na sharti akae juu yake sekunde 8. Akianguka kabla ya hapo hana kitu. Wengine hutupa kamba wakamnasa ndama anayekimbia. Wengine humrukia ng'ombe kutoka juu ya farasi na kumwangusha kwa kumpinda pembe; na mchezo huu wa mwisho uliletwa na mtu mweusi, Bill Pickett, mtoto wa waliokuwa watumwa, aliyezaliwa Texas mwaka 1870. Yeye, ajabu, alikuwa akimng'ata ng'ombe mdomo kwa meno yake mpaka mnyama analala chini. Alikufa mwaka 1932 baada ya kupigwa teke na farasi. Hatumtaji ili vijana wa Kasulu wamwigize.

Lakini mtazamaji huziona zile sekunde 8 tu. Ili sekunde hizo zipatikane, mtu amekwisha kuamka usiku akawalisha wanyama. Mwingine amefagia mabanda na kuteka maji. Mwingine amekaza misumari ya uzio. Mwingine husimama langoni na kamba mkononi, akingoja ishara ya kufungua. Mwingine hushika saa, na mwingine huandika. Katika Cheyenne watu wanaojitolea kwa sikukuu hiyo ya siku 10 hupita 2,000, na Calgary vivyo hivyo. Bibi wetu wa masufuria atafurahi kusikia kwamba huko Cheyenne watu hupikiwa chapati za maji asubuhi bila ya malipo, maelfu kwa maelfu, na kwa kuwa hakuna chombo kinachotosha, unga wake huchanganywa katika lori la kuchanganyia saruji. Hatujui kama angalikubali kulisugua hilo baada ya karamu.

Na yule mke aliyeonwa kwenye meza ya karatasi? Hilo nalo ni desturi ya kweli. Katika michezo hiyo, kazi ya kushika saa na kazi ya ukatibu, yaani kuandika majina, kupokea ada na kuhesabu zawadi, tangu zamani aghalabu zimeshikwa na wanawake, na wengi wao ni wake za watu walio ndani ya uwanja. Mume akiwa na mnyama, mke yu na hesabu. Asiyejua hudhani mke amekuja kutembea.

Kuna upande mwingine, nasi hatuupiti kimya. Wako watu wengi huko huko Marekani wanaoilaumu michezo hii kwa sababu ya wanyama: farasi hufungwa mkanda kiunoni ili arushe miguu, na ndama hukabwa kwa kamba akiwa mbioni. Twaona kwamba lawama hiyo ina haki. Dini yetu imekataza kumpiga mnyama usoni, na imekuja riwaya ya kukataza kuwagombanisha wanyama. Kwa hiyo, mchezo wa Kakamega nchini Kenya, wa kuwapambanisha mafahali wawili mpaka mmoja akimbie, hatuwezi kuusifu, ingawa watu wake ni wakarimu na mchezo wenyewe ni wa jadi. Mchezo wa ng'ombe wa Pemba, ambao husemwa uliachwa na Wareno, ni mwepesi kuliko wa Hispania, kwani fahali hufungwa kamba na watu humchezea, wala hauawi; hata hivyo fahali hajaulizwa rai yake. Ama kushindanisha mbio, hilo ni jambo jingine. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha farasi pale Madina, waliofanyiwa mazoezi kwa masafa yao na wasiofanyiwa kwa masafa yao mafupi, na Abdullah bin Umar alikuwa miongoni mwa wapandaji. Kuutenga masafa kwa kadiri ya nguvu za mnyama ndiko kumhurumia.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko Lamu. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija akahamia mji huo katika karne ya 19, alifundisha hata wale ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwafundisha, na kutokana na kazi yake ukasimama msikiti wa Riyadha na Maulidi yanayowavuta wageni kutoka pwani yote na visiwani. Siku za Maulidi hayo huwa na mashindano, na yanayopendwa mno na vijana ni mbio za punda kando ya bahari. Lamu ni mji wa vichochoro. Mzigo mwingi hubebwa na punda. Tangu mwaka 1987 pana zahanati ya kuwatibu punda bila ya malipo, iliyofunguliwa na shirika la Kiingereza la kuwahifadhi wanyama hao, na zimewahi kutolewa zawadi kwa punda waliotunzwa vyema, mbali na zawadi za waliokimbia upesi. Twaipenda zawadi hiyo kuliko ile ya mbio, kwa kuwa ya mbio hupatikana kwa dakika chache, na hiyo nyingine hutaka mwaka mzima wa majani, maji na kutazama kwato, nayo haipatikani ila kwa nyumba yenye watu wawili waliokubaliana.

Hapo ndipo twafika kwenye swali la pili, lililo zito.

Watu husema kwamba kazi ya kujitolea haina hesabu. Sisi twasema ina hesabu kuliko kazi ya mshahara, kwa kuwa ya mshahara huhesabiwa na mwajiri, na hii isipohesabiwa na wenyewe hapana wa kuihesabu. Wazee wa Buha walilijua jambo hili. Zamani, katika tawala za Heru na Muhambwe, mtu aliyepewa ng'ombe wa mwingine awachunge hakuwachunga bure: alikuwa na maziwa, alikuwa na sehemu yake katika uzao, na mwenye ng'ombe alikuwa na wajibu wa kumlinda. Mkataba huo ulikuwa na dhuluma zake, kwani mwenye ng'ombe alikuwa bwana na mchungaji alikuwa mtu wake. Lakini hata katika dhuluma hiyo ilijulikana kwamba anayekesha na mnyama wa wengine ana haki juu yao. Kijiji kinachosahau hilo leo, katika sherehe ya kumkumbuka Mtume, kimerudi nyuma ya wazee wake.

Tumeisoma barua mara tatu, na katika ukurasa wa tatu kuna jambo ambalo bibi amelipita haraka, nasi hatulipiti. Asema kwamba mwaka juzi sukari ilipungua, fedha za kamati zikawa zimekwisha, na mumewe akamuuza mbuzi ili wageni wasinywe chai kavu. Kisha aongeza: mbuzi alikuwa wangu, nilimnunua kwa fedha za maharage yangu, lakini sikukataa.

Tumwambie mumewe, kwa heshima yote anayostahili mtu aliyekesha zizini miaka 22: kutokukataa si kukubali. Mali ya mke ni ya mke. Ndoa haiigeuzi kuwa ya mume, wala Maulidi hayaigeuzi kuwa ya umma. Mke akitoa kwa moyo wake, hiyo ni sadaka yake, nayo iandikwe kwa jina lake. Akinyamaza kwa haya, kwa sababu wageni wamekaa mkekani na vikombe viko mikononi, basi mbuzi yule ni deni. Na deni hilo li juu ya aliyemuuza, naye ana haki ya kuidai kamati. Hatusemi hivi ili kuleta ugomvi katika nyumba ya watu wema. Twasema kwa kuwa tumeona nyumba nyingi za watu wema zikivunjika kwa mambo madogo yaliyopitwa haraka katika ukurasa wa tatu.

Ama swali la watoto, "Mnapata nini?", twamshauri bibi asilijibu kwa mawaidha. Mtoto aliyekua hutambua upesi mawaidha yanayotumiwa kufunika shimo. Amjibu kwa ukweli: kwamba wamepata kujulikana, kwamba wamepata marafiki kutoka Kasulu mpaka mtoni Malagarasi, kwamba wamepata usingizi mzuri wa siku ile ya mwisho, na kwamba wamepoteza mbuzi mmoja. Kisha amtie katika kazi. Katika sikukuu zile za Marekani nyumba nyingi hutumikia kizazi baada ya kizazi, si kwa sababu watoto wa huko ni wema kuliko wa kwetu, bali kwa sababu mtoto hupewa kamba ashike tangu mdogo, na lango lake likawa lake. Mtoto aliyeachwa kuwa mtazamaji atauliza maswali ya mtazamaji.

Lakini hapa twataka kuwauliza wenyewe wawili jambo, nao walijibu ndani ya nyumba yao, si lazima watuandikie. Katika miaka 22 hiyo, hakutokea hata mara moja kijana aliyekuja kusaidia zizini, akaambiwa, "Wewe hujui kufunga"? Hakutokea binti aliyeshika mwiko, akanyang'anywa kwa upole? Mtu akishika kazi muda mrefu, kazi nayo humshika. Tumewajua wazee, si wa Kibondo tu, ambao hulalamika kwamba hawana msaidizi, na msaidizi akija humtoa kasoro mpaka aondoke. Ikiwa haikuwa hivyo kwao, wametusamehe. Ikiwa ilikuwa hivyo, basi sehemu ya mzigo waliujitwika wenyewe.

Na la kutotajwa kwa mke? Wako watakaosema kwamba mwenye ikhlasi hataki kutajwa. Ni kweli, lakini hilo ni la kusemwa na yeye juu ya nafsi yake, halisemwi na waliokula pilau yake. Tena mume alikuwapo pale, kipaza sauti kikiwa mbele yake, na maneno matatu yangalitosha. Bibi Aisha, Mungu amridhie, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akizitumikia kazi za watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Yeye pia ndiye aliyehadithia kwamba walishindana mbio kwa miguu, akamshinda Mtume mara ya kwanza, na Mtume akamshinda mara ya pili miaka ilipopita, wakalifanyia mzaha. Kiongozi wa umma hakuona aibu ijulikane kwamba mkewe alimtangulia. Seuze mshika zizi.

Basi jibu letu ni kwamba waendelee mwaka huu, lakini si kama walivyokuwa wakiendelea. Kabla ya mwezi wa Maulidi kuandama, waende wote wawili mbele ya kamati, mume asiende peke yake, na wachukue daftari. Humo iandikwe kila sufuria iliyoazimwa na jina la mwenyewe, pamoja na alama ya rangi chini yake, ili mtu asizunguke tena na chombo kichwani. Sufuria ile iliyobaki si mali ya kuokotwa. Ni amana, basi iwekwe, isiuzwe, itangazwe siku ya kupokea vyombo. Iandikwe pia kila shilingi waliyoitoa mfukoni, na mbuzi yule aandikwe kwa thamani ya soko la siku aliyouzwa. Kamati iwape vijana wanne, wawili wa zizi na wawili wa jiko, majina yao yakijulikana, nao wafundishwe kweli kweli: kumkaribia ng'ombe kutoka ubavuni asishtuke, kuficha kisu mpaka dakika yake, kutomchinja mmoja mbele ya macho ya mwingine. Mambo hayo mzee wetu anayajua bila ya kitabu, na yakifa naye hayatarudi.

Baada ya miaka miwili wapumzike. Wakae mkekani mbele pamoja na wageni, waletewe chai, na wavumilie kuona ng'ombe akifungwa kwa fundo wasilolipenda.

Kamati ikikataa kutoa vijana na ikikataa kulipa mbuzi, hapo bibi ana ruhusa kamili ya kuusalimisha mwiko, wala asiambiwe kwamba ameyaacha Maulidi. Ni Maulidi ndiyo yaliyomwacha.

Tumewaandikia wazee wa kamati ya kijiji hicho kwa bahasha nyingine, bila ya kumtaja aliyetuletea habari, ingawa twadhani watamjua. Jibu lao likifika tutalitia katika ukurasa huu. Na wasomaji wa Kasulu, Kibondo na kwingineko ambao katika miji yao mambo ya zizi na jiko yamepangwa vizuri, watuandikie wameyapangaje, nani hushika daftari, na vijana wao walianza kuitwa wakiwa na umri gani.